Mtama Ulioota

Haya nilisimuliwa na jirani yangu Faustina, Jumapili iliyopita.

Njiwa wa Habibu walipomaliza mashindano ya kuruka kutoka Mbeya hadi Iringa, debe la mtama wao lilibaki. Mvua ikapenya, mtama ukaota. Habibu hakujali, mkewe Amna alikuwa ametoka kwenye malaria na kila anachokula anakitapika.

Habibu alipokwenda kuumwaga, Faustina, aliyekuja kumjulia hali Amna, akamzuia. “Shemeji, unamwaga kimea? Kwa akili hii njiwa watakuhama.”

Akauanika, akausaga, akapika togwa, kinywaji kitamu cha kimea kisicholevya. Siku ya tatu Amna akanywa kikombe, kikatulia tumboni. Akaomba kingine.

“Ahsante, shemeji,” Habibu akasema. “Mimi nililisha njiwa, wewe umenilishia mke.”

Mchana ule Amna akalala. Habibu, aliyekuwa hajapata usingizi siku nne, akasinzia palepale mkekani.