Taa ya Kijani ya Mjomba

Itangazwe kwa heshima na taadhima, kwa wanaohusika na wasiohusika, kwamba Daktari Bingwa wa Moyo, Mkuu wa Kitengo cha Mafunzo, Mwenyekiti wa kamati kadhaa na Katibu wa Kamati ya Kupunguza Kamati, ataendesha kozi ya kihistoria iitwayo Njia Mpya za Kuwafundisha Watu Wazima.

Ndivyo lilivyosomeka tangazo, kwa herufi za rangi ya dhahabu. Lilibandikwa kwenye mlango wa choo cha wanaume, kwa sababu ubao wa matangazo ulikuwa umejaa matangazo yake mengine.

Daktari alipopita hapo alisimama, akalisoma kwa sauti, akaridhika. Hakujua kwamba katika korido zote za hospitali ile watu walimwita Slaidi. Jina hilo hakupewa kwa kuonewa. Ilisemekana kwamba hata nyumba ikiwaka moto, yeye angeanza kwa kutafuta soketi ya projekta.

Chumba cha mafunzo kilikuwa na viti vya plastiki vilivyopangwa mistari kama paredi ya asubuhi, feni iliyozunguka kwa kusitasita, na mapazia mazito ambayo hayakufunguliwa kamwe, ili picha ukutani zionekane vizuri. Waliokaa humo walikuwa watu wazima na akili zao timamu. Mstari wa mbele alikaa Mama Wodi, muuguzi mkuu wa wodi ya wanawake, mwenye wajukuu na sauti ya kusimamisha lifti. Pembeni yake alikuwa dereva wa gari la wagonjwa, ambaye mdomo wake ulikwenda kasi kuliko gari lake. Nyuma yao alijilaza tabibu wa meno, jina la utani Ganzi, maana akishakaa tu mwili wote unakufa ganzi kuanzia kope. Hao na wenzao walitakiwa wajifunze kumwokoa mtu ambaye moyo wake umesimama, kisha warudi kazini wakawafundishe wengine.

Na juu ya godoro jembamba sakafuni, amefunikwa shuka hadi utosini, alilala Mjomba.

Mjomba alikuwa mtu wa mpira. Alikuwa na kichwa na kifua, basi. Hakuwa na mikono, miguu, wala dhambi. Ukimkandamiza kifua sawasawa, taa ya kijani iliwaka begani kwake. Ukimkandamiza kivivu, iliwaka nyekundu. Mjomba hakuwa mtu wa kubembelezwa.

"Wanangu," Daktari alianza.

"Wanao tena!" dereva akanong'ona. "Mama Wodi, hongera, umezaliwa upya."

"Nyamaza, kaka yangu," Mama Wodi akamjibu. "Baba anaongea."

Baba aliongea kweli. Slaidi ya kwanza ilisema: Mtu mzima hujifunza kwa kutenda, si kwa kusikiliza. Daktari aliisoma. Akaisoma tena kwa ajili ya walioko nyuma. Akawaamuru wainakili. Slaidi iliyofuata ilisema: Mwalimu asisome slaidi neno kwa neno. Hiyo nayo aliisoma neno kwa neno, huku nukta nyekundu ya kalamu yake ya mwanga ikitambaa chini ya kila silabi kama siafu. Mwanafunzi aliyetaka kwenda msalani alinyoosha kidole na kungoja, awe muuguzi au bibi wa mtu.

"Mmeelewa?" aliuliza.

"Ndiyooo!" wakaitikia wote. Ganzi naye aliitikia, tena kwa sauti nzuri ya besi, bila kuamka. Alikuwa na kipaji hicho.

Mama Wodi akanyoosha kidole.

"Unataka kwenda nje, mwanangu?"

"Hapana, Daktari. Mwezi uliopita mgonjwa wangu alizimika mikononi mwangu. Nilimkandamiza kifua mpaka mabega yakagoma. Hakuamka." Alitazama viganja vyake. "Sitaki mambo mengi. Nataka kujua kama mikono yangu ilikuwa inafika, au nilikuwa nampapasa tu. Naomba nimjaribu Mjomba."

Hata feni ilionekana kusubiri jibu.

Daktari alilitazama lile shuka, akalamba midomo. "Swali zuri sana," alisema. "Limo kwenye slaidi zinazokuja."

Slaidi hizo hazikuja siku hiyo. Hazikuja siku zilizofuata pia, japo Mama Wodi aliuliza tena, na tena, mpaka dereva akawa ananyoosha kidole kwa niaba yake. Ukweli, ambao Daktari hakuwahi kumwambia mtu, ni kwamba kabla ya kozi kuanza alijifungia na Mjomba chumbani humo, akapiga magoti, akakandamiza. Nyekundu. Akavua koti. Nyekundu. Akakunja mikono ya shati, akakandamiza mpaka kijasho kikamtoka. Mjomba akamwangalia kwa macho yake ya plastiki, nyekundu begani, bila huruma. Miaka mingi ilikuwa imepita tangu Daktari aguse kifua cha mtu kwa kitu kingine zaidi ya sahihi. Ndipo alipomfunika shuka.

Basi hapo ndipo makao makuu yalipopiga simu. Mkaguzi wa mafunzo anakuja siku ya kufunga kozi. Hatatazama slaidi hata moja, atatazama mikono. Kila mwanafunzi atamkandamiza Mjomba, na wasipowasha kijani, kitengo cha mafunzo kitapewa mtu mwingine.

Asubuhi ya siku ya kufunga Daktari alikaa mezani na chai iliyopoa.

"Baba Watoto," mkewe alimwuliza, "mbona umenuna kama umenyimwa uniti ya umeme?" Mkewe alifundisha darasa la kwanza, watoto wenye meno ya mbele yaliyong'oka, na aliwafundisha kusoma kwa vizibo vya soda.

"Mkaguzi anakuja."

"Si uwape tu hilo likaragosi lao walikandamize? Mtoto hajui kuendesha baiskeli kwa kuoneshwa picha ya baiskeli."

"Hao si watoto, mke wangu. Hao ni watu wazima."

"Ndiyo maana nashangaa unavyowafanya," alisema mkewe, akaenda kutafuta chaki zake.

Daktari alibaki peke yake jikoni. Kando ya sinki palikuwa na sponji mpya ya kuoshea vyombo, nene, ya manjano, laini kama shavu, imelowa sabuni. Aliibonyeza kwa kidole kimoja. Ikabonyea hadi chini. Akaibonyeza tena. Akatazama mlangoni, kisha akaitia ndani ya mkoba wake kwa uso wa mwanafunzi wa bweni anayeficha mkate chini ya mto.

Kabla wengine hawajafika, alifungua kifua cha Mjomba, akatoa springi ngumu ya chuma, akaweka sponji mahali pake. Springi akaitia mfukoni mwa koti. Aliomba moyoni, na si kwa ajili ya afya ya Mjomba.

Mkaguzi alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani minene na mkoba mkubwa kuliko yeye.

"Karibu sana, mama," Daktari akainama. "Nimeandaa slaidi chache za utangulizi."

"Ahsante, baba. Zizime."

Mama Wodi aliitwa wa kwanza. Alipiga magoti polepole, akaweka mikono yake kifuani kwa Mjomba, akakandamiza. Kijani. Tena, kijani. Kijani kila mara.

Hakushangilia. Alifumba macho. "Kumbe ilikuwa inafika," alisema kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake. "Kumbe nilimfanyia sawa."

Daktari aliyasikia maneno hayo. Alitaka kusema neno. Akakohoa tu.

Dereva akafuata, akakandamiza kwa mkono mmoja huku akipunga mwingine. Kijani. "Mjomba leo kaamka na furaha!" alisema. Ganzi aliposukumwa mbele alijiegemeza tu kifuani kwa Mjomba, kama mtu anayetafuta mto. Kijani.

Mkaguzi akaandika. Kisha, akitaka kufuta miwani, akauweka mkoba wake juu ya kifua cha Mjomba.

Kijani.

Aliuinua. Taa ikazimika. Akauweka. Kijani. Akauinua, akauweka, kama mtu anayejaribu swichi ya nyumba ya kupanga.

"Daktari," alisema, "mkoba wangu nao umefaulu."

"Ni mkoba... wenye juhudi, mama."

"Haujahudhuria kozi."

"Ndiyo uzuri wa njia zetu mpya," Daktari alisema, na hata yeye mwenyewe hakujiamini.

"Hebu tuoneshe wewe."

Hapakuwa na pa kukimbilia. Daktari akapiga magoti. Ili shaka yote iondoke, alikandamiza kwa nguvu zake zote, na uzito wake wote, na wasiwasi wake wote. Mjomba akafanya *fwosh*. Kisha, polepole, kutoka kwenye pembe ya mdomo wake wa mpira, likachomoza povu jeupe.

"Povu!" Mama Wodi akapaza sauti, na lifti zote za hospitali zikasimama. "Mlaze ubavu! Shika kichwa!"

"Kanywa sumu!" dereva akaruka. "Nalileta gari!"

Ganzi alikuwa ameamka, kwa mara ya kwanza tangu kozi ianze. Alikwishamfungua Mjomba mdomo, akamwinamia, akanusa. "Ngojeni kwanza," alisema. "Sumu gani hii inanukia limau?"

Wakamgeuza Mjomba, wakabishana, wakapokezana, kila mtu na ujuzi wake alioutoa wodini kwake, na kwa dakika hizo chache chumba kile kilikuwa na masomo mengi kuliko wiki nzima. Daktari alibaki amepiga magoti katikati yao, povu hadi kwenye viwiko. Alipojaribu kuinuka, springi ilichomoka mfukoni, ikaanguka sakafuni, ikarukaruka hadi kwenye kiatu cha mkaguzi.

Mkaguzi aliitazama springi. Kisha akamtazama Daktari. Alikwenda akavuta mapazia, na jua likaingia lote kwa pamoja.

Daktari hakumgeukia mkaguzi. Alimgeukia Mama Wodi.

"Mama," alisema, na wote waligundua kwamba hakumwita mwanangu, "ile taa haikukwambia kitu. Ingewaka hata kwa paka. Nimeweka sponji humo ndani. Kama mikono yako inafika au haifiki, sijui. Nafasi ya kukujibu ulinipa kila siku, na mimi nikakuficha Mjomba."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hata mimi kwangu inawaka nyekundu."

Ganzi akaing'oa sponji, akaiokota springi, akairudisha ndani ya kifua cha Mjomba kwa vidole vya mtu aliyezoea kazi za mahali pembamba. Daktari akaombwa ajaribu. Nyekundu. Mama Wodi akasogea, akapiga magoti upande wa pili, akajifuta povu kwenye tai ya Daktari.

"Umeelewa sasa kwa nini nilikuwa nauliza?"

Mdomo wa Daktari ulifunguka wenyewe kusema ndiyo, kama walivyokuwa wakisema wote. Akaufunga.

"Hapana," alisema. "Bado. Naomba tuanze upya, mama, na mimi nikiwa humu chini." Akamgeukia mkaguzi, ambaye kalamu yake ilikuwa inangoja. "Andika yote, mama mkaguzi, kitengo mpe mtu mwingine ikibidi. Ila hiyo sponji naomba niondoke nayo. Si yangu. Na mwenye nayo anatoka shuleni mchana."