Mguu Usiokandwa

Mimi ni fundi cherehani. Jicho hudanganya, futi haidanganyi. Asubuhi ile nilizungusha futi kwenye shavu la mguu wangu wa kulia, nikatia alama ya chaki, nikahamia wa kushoto. Ncha haikufika kwenye alama. Mguu ulikuwa wa moto na umevimba.

Jana yake mama mkwe alikuwa ameukanda. Mtaa mzima humwita Mama Mikono, na nilivyosikia raha, nilisinzia palepale.

Nikampigia nesi anayenichoma sindano ya kupanga uzazi. Ndiye aliyenipima damu juzijuzi akasema mafuta mabaya yamepanda kidogo na yale mazuri yameshuka. Nikamwambia mafuta ninayoyajua mimi ni ya cherehani, tukacheka. Leo hakucheka.

"Mguu mmoja tu?"

"Mmoja."

"Huenda damu imeganda. Wengi wanachoma sindano hiyo na hawapati madhara, ila kwa wachache hatari huongezeka, na wewe unakaa kutwa nzima. Nenda hospitali sasa hivi. Na usikandwe. Donge liking'oka linaweza kupanda mapafuni."

Usikandwe! Na jana je? Niliogopa, sitaki uongo. Nikaanza kusikiliza pumzi zangu mwenyewe, moja baada ya nyingine.

Mama mkwe akaingia na bakuli la mafuta yaliyopashwa moto. "Nyoosha mguu."

"Umepoa, mama."

"Umepoa wapi nawe unachechemea? Mficha uchi hazai."

Laiti angejua. Mimi nilificha ili nisizae. Mwanawe anataka mtoto wa nne, na mama mwenyewe kila asubuhi hunitazama tumbo kabla ya uso. Hiyo sindano ikijulikana, nyumba haikaliki.

Akakaa, akaupakata mguu, vidole gumba vikaenda palepale panapouma. Nikajiuliza, siri gani hii ya kuzikwa nayo? Nikamkamata mikono.

"Mama, usikande. Nachoma sindano ya uzazi. Nesi anasema huenda damu imeganda, ikikandwa itaniua."

Nikasubiri matusi, maana mama huyu akianza hana breki. Akaweka bakuli chini polepole.

"Jana nilikukanda kwa nguvu zangu zote," akasema. "Unapumua vizuri?"

"Napumua, mama."

Njia nzima aliniuliza hilohilo, mpaka dereva wa teksi naye akawa anavuta pumzi kwa nguvu.

Kipimo kilionyesha donge, lakini lilikuwa bado limekaa mguuni. Wakanianzishia dawa ya kuzuia damu isizidi kuganda. Nilikuwa sijamaliza kumshukuru Mungu, mume wangu akaingia mbiombio, shati limelowa jasho, na daktari nyuma yake.

"Dada, unatumia njia yoyote ya kupanga uzazi?" daktari akauliza.

Mume wangu akanijibia. "Hatumii. Sisi tunatafuta mtoto."

Mama mkwe alikuwa kwenye kiti cha pembeni, anajifuta mikono kwenye gauni ingawa mafuta yalishatoka zamani.

"Anachoma sindano," akamwambia daktari. Kisha akamgeukia mwanawe. "Mimi ndiye niliyempeleka kuichoma. Kama una neno, niambie mimi."