Kifuniko Chekundu

Nyumbu alikata pumzi palepale, mlima wa Kozel unapoanza kukaza. Adela Hruska alikanyaga mafuta mpaka kisigino kikamuuma, lakini sauti ya injini ilizidi kufifia, kama ya mtu anayeongea huku usingizi unamchukua. Akashusha gia. Akashusha tena. Magurudumu yalichota mchanga mara mbili, tatu, kisha kukawa kimya.

"Basi tena," alisema Loren, mkuu wa kikosi cha zimamoto, akitazama saa yake. "Saa tatu na nusu. Saa sita mnunuzi wa vyuma chakavu anakuja na trela lake. Mama Adela, umejitahidi. Hata ng'ombe mzuri ana siku yake ya kuchinjwa."

"Ng'ombe wangu hachinjwi kabla sijajua anaumwa nini," alijibu Adela, na miguu yake ilikuwa tayari chini.

Nyumbu alikuwa lori la jeshi, limeundwa kabla Loren hajazaliwa. Jeshi lilipomchoka, kikosi kilimbebesha tangi la maji mgongoni, na miaka thelathini na moja sasa Adela ndiye aliyemtunza. Mshahara hakuwa nao. Kazi yake ilikuwa kupika shuleni. Ufundi aliufundishwa na kitabu kimoja cha jeshi chenye picha, na masikio yake mwenyewe. Lori jipya la kikosi lilikuwa zuri, linang'aa, lakini likiona mchanga wa vilima vile vya Nebraska linakaa chini kama bibi harusi.

Wiki tano nyuma radi ilipiga malishoni kwa Emmett Kozel. Nyumbu akaenda mbio na maji yake, akafia kwenye mlima huuhuu. Alipozinduka, nyasi za Emmett za majira yote ya baridi zilikuwa majivu. Toka siku hiyo watu wakasema auzwe.

Adela alikuwa amebadilisha machujio ya dizeli yote mawili. Chujio la hewa alilielekeza juani, akaona mwanga unapita. Mipira ya mafuta aliipapasa mmoja mmoja kama mkunga. Na kila alipomjaribu uani kwa kituo, Nyumbu alinguruma kama ametoka kiwandani jana. Ndiyo maana leo aliomba jambo moja la mwisho: tusimjaribu uani. Tumjaze maji, tumjaze dizeli mpaka shingoni, twende njia ileile kwa mwendo uleule. Mtu anayeumwa akitembea, utampimaje amelala?

Sasa alikaa kwenye ngazi ya lori, mikono mapajani, wala hakugusa spana. Alikuwa anafikiri. Pikapu ikapanda kutoka bondeni, akashuka Emmett mwenyewe, mume wa marehemu dada yake.

"Shemeji! Bado unamkanda maiti?"

"Maiti hana joto, Emmett. Njoo umguse."

"Nilimgusa siku nyasi zangu zinaungua. Alikuwa baridi kama ile supu yako ya Krismasi."

"Na ulikula bakuli tatu."

Loren alicheka, akaacha. Emmett hakucheka.

Adela akainuka, akachukua kijiti chake cha kupimia dizeli, akazungusha kifuniko cha tangi. Kilikuwa kigumu kuliko siku zote. Kilipoachia, tangi likavuta: *fyuuuu*, kwa muda mrefu, kama mtoto anayemaliza maziwa.

Wote watatu waliisikia.

"Washa," alisema Adela polepole.

Loren akawasha. Nyumbu akanguruma mpaka ndege wakaruka nyasini.

"Zima."

Adela akakigeuza kifuniko. Chini ya ukingo wake pana kitundu, chembamba kama tundu la sindano ya kushonea. Dizeli ikipungua, hewa huingia pale kushika nafasi yake. Isipoingia, tangi hujikaza na kukataa kutoa. Kitundu hakikuwepo. Palikuwa na rangi nyekundu, laini, nzuri, isiyo na hata alama ya unywele.

Ilikuwa rangi yake. Kituo kilipotimiza miaka sitini, mwezi wa tano, yeye ndiye aliyempaka Nyumbu. Loren alitaka kumsaidia, akamfukuza: mkono wako unatetemeka kama jeli. Kisha kila siku akalijaza tangi la dizeli mpaka shingoni, ili moto usimkute hana mafuta, na ile hewa kidogo iliyobaki ndani ikawa haifiki hata mlimani. Uani je? Uani kila jaribio alilianza kwa kufungua kifuniko ili apime. Alikuwa anampa pumzi kwa mkono uleule uliomnyima.

Loren alikuwa amegeuka kuzungumza na redio. Emmett alitazama bondeni. Kule kwao nyigu hujenga udongo katika kila kitundu, hakuna asiyejua. Neno moja tu, "nyigu", lingetosha kumwondolea Adela lawama.

Adela alikishika kile kifuniko kifuani kwa muda.

"Emmett," akasema, "njoo uone. Hii rangi ni mimi. Nyasi zako zimeungua kwa brashi yangu."

Emmett akakichukua. Akapitisha kidole gumba pale palipokuwa na kitundu, mara moja, mara mbili. Taya lake likacheza.

"Umepaka mara ngapi?"

"Tatu."

"Tatu!" Akatikisa kichwa. "Dada yako naye alikuwa hivyohivyo. Alipaka banda la kuku mpaka mlango ukagoma kufunguka." Macho yake yalikuwa mekundu. "Leo sikusamehe, shemeji."

"Leo sijakuomba."

Halafu Emmett akaenda kwenye pikapu yake, akapekua, akarudi na sindano nene ya kuchanjia ndama.

"Shika. Usivunje ncha, ninayo hiyo moja tu."

Adela akatoboa taratibu, akizungusha, gamba jekundu likadondoka mchangani. Akaweka mdomo kwenye kitundu, akapuliza, na Emmett, aliyekuwa ametandaza kiganja upande wa pili, akaitikia kwa kichwa.

Wakapanda wote watatu, Emmett katikati, magoti yamebanwa na gia. Nyumbu alianza mlima kwa gia ya pili na hakuomba nyingine. Maji yalicheza mgongoni, mchanga ukaruka. Wakapaacha nyuma pale alipofia. Wakafika juu, Adela akapitiliza, akazunguka kilima kizima, akashuka, akapanda tena kwa njia ileile, kisha tena, mpaka jua likawa juu kabisa. Mara ya mwisho akazima kileleni.

Redio ikakwaruza. "Kituo hapa. Bwana wa trela amefika, anauliza afungue minyororo au vipi?"

Adela alikuwa amekwisha shuka. Akakishika kifuniko, akatega sikio, akakizungusha.

Safari hii tangi halikuvuta. Upepo tu kwenye nyasi, na chini bondeni lile doa jeusi, ambalo kwa mbali lilikuwa limeanza kuota manyoya ya kijani.

"Loren? Nimwambie nini?"

Emmett akanyoosha mkono, akapunguza sauti ya redio, ili wasikie vizuri kimya cha tangi.