Mkubwa Ndiye Hutangulia

Mume wangu alistaafu jeshi zamani, lakini jeshi halijamtoka. Kila baada ya miezi mitatu wanajeshi wastaafu huenda zahanati kupimwa presha na sukari, na wake zao wakitaka hupimwa pia. Yeye ni koplo, na koplo haingii kabla ya mkubwa wake. Mkubwa wake alikuwa Sajini, rafiki yake wa kufa na kuzikana. Sajini akishaingia, ndipo Koplo wangu anafuata.

Sajini tukamzika. Miadi ilipofika, Koplo alikaa kwenye benchi, kofia yake ameiweka pale alipokuwa akikaa Sajini. Akaitwa, akampisha mwenzake. Akaitwa tena, akasema waanze wenye haraka. Tukarudi nyumbani hajapimwa, na dawa za presha zimemwishia. Nilikuwa namsikia anavyohema akifunga viatu, nikaogopa. Nampenda mzee yule, na sikuwa tayari kuwa mjane kwa sababu ya vyeo.

Miadi iliyofuata akaanza yaleyale. Mimi hasira zangu ziko karibu. Nikaiondoa kofia, nikakaa mahali pake.

"Nyumbani kwetu mkubwa nani?"

Wazee wa benchi wakaangua kicheko. Hata yeye akatabasamu, mara ya kwanza tangu msiba.

"Wewe, mama. Hilo halina ubishi."

"Basi mkubwa wako anaingia. Nyanyuka."

Nikaingia, naye nyuma yangu. Nikampa muuguzi mkono apime, danganya toto tu, mradi mwenyewe afuate. Muuguzi akapima, kisha akapima mkono wa pili. Akaniuliza mara ya mwisho nilipimwa lini. Miaka yote hiyo namsindikiza mtu, na mimi sijawahi kukunja mkono wa gauni.

Koplo akakaa, akanyoosha mkono wake bila kuambiwa. Presha yake ilikuwa juu. Yangu ilikuwa juu zaidi.

Tulitoka kila mtu na dawa zake. Nje ya mlango akasimama, machozi yakimlengalenga.

"Sajini alikuwa na mimi wa kumngojea hapa," akasema. "Wewe hukuwa na mtu."

Nikamshika mkono, tukaondoka.

Siku hizi hutangulia yeye kufika kwenye benchi, akaniwekea nafasi kwa kofia yake. Nikiitwa, yeye ndiye anayesimama kwanza, kumpisha mkubwa wake.