Mlezi Alikataa

"Hajafika," alisema Nesi Rahila, akairusha kadi juu ya meza bila kumtazama mtu. "Bado wiki nzima. Mrudishe nyumbani."

Bi Mwanamize alimhamisha mjukuu wake kutoka bega la kulia kwenda la kushoto. Asya alikuwa mtoto mzito, na kutoka kwao, pembeni kabisa ya Pujini, mpaka kituo cha afya ni mwendo wa saa nzima. Kwa magoti ya Bi Mwanamize ni saa na nusu.

"Miezi tisa keshatimiza, mwanangu. Kazaliwa Mfunguo Sita, siku mbili baada ya Maulidi. Leo kumi na nne Mfunguo Tatu. Hesabu mwenyewe."

"Serikali haihesabu kwa mwandamo wa mwezi, bibi. Hapa tunakwenda kwa kalenda."

Wanawake waliokaa kwenye benchi wakacheka. Kicheko kile kilimchoma. Kwa miezi hiyohiyo alifunga, alikaa eda mumewe alipokufa, na aliwahesabia mimba nusu ya wanawake waliokuwa wakimcheka. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mtoto wa kliniki ana miezi yake mingine.

Wala si kwamba alikuwa hazijui chanjo. Suhaila, mama wa Asya, alikuwa Maskati akilea watoto wa watu. Alimwachia mama yake mtoto na kadi, na Bi Mwanamize akazihifadhi chanjo zote kichwani kama alivyohifadhi sura za Kurani: ya bega anapozaliwa, ile inayoacha kovu, matone ya kupooza, sindano za paja wiki ya sita, ya kumi na ya kumi na nne, surua miezi tisa, kisha tena mwaka na nusu. Suhaila alichomwa ya pepopunda akiwa na mimba. Ummkulthum, mjukuu mkubwa, alichomwa shuleni alipotimiza miaka tisa, ile ya kumkinga na saratani ya shingo ya kizazi. Katika nyumba ile hakupitwa mtu. Na sasa watu walikuwa wakisema surua imeingia Wawi, jirani tu.

Wiki ilipokwisha alirudi. Watoto walikuwa wanne.

"Kwa wanne sifungui," alisema Rahila. "Chupa ya surua ni ya watoto kumi. Nikishaifungua, muda wa saa sita ukipita inamwagwa. Wilayani wakiniuliza dozi sita zimekwenda wapi, utanijibia wewe?"

"Na surua ikija, atajibu nani?"

"Bibi, usinifundishe kazi. Leteni kumi, nifungue. Jumatano."

Basi Bi Mwanamize akaifanya kazi ya serikali bila mshahara. Alizunguka nyumba kwa nyumba akiomba watoto wa watu kama anayeomba chumvi. Kwa Jabir alijibiwa mlangoni kwamba mke wake hatoki mpaka yeye mwenyewe aridhie, na yeye hajaridhia. Mke alisimama nyuma ya pazia na mtoto wake wa miezi kumi mkononi. Kwingine alisikilizwa. Mpaka Jumanne jioni walikuwa wametimia kumi, na usiku ule alilala usingizi wa raha.

Asubuhi wakatoka pamoja, mabuibui kumi na watoto kumi. Kituo kilikuwa na kufuli.

"Nesi yuko mjini, Chake Chake," alisema mlinzi. "Semina."

"Semina ya nini?"

"Ya kuhamasisha wazazi walete watoto chanjo."

Safari hii hakucheka mtu. Lakini badala ya kuligeukia lile kufuli, wanawake walimgeukia Bi Mwanamize. Mnyonge hasira zake humtupia mnyonge mwenzake aliye karibu.

"Mie nimeacha karafuu zangu juani," alisema jirani yake, Mwanawema. "Hunitoi tena, Bi Mwanamize. Wallahi hunitoi."

Siku kumi na mbili baadaye Asya alianza kukohoa. Macho yakawa mekundu, yakajaa tongo. Siku ya nne vipele vikatoka nyuma ya masikio, vikashuka usoni na kifuani, na kila alipovuta pumzi mbavu zikawa zinabonyea ndani. Waendesha bodaboda wawili walipoiona sura ya mtoto waligeuza pikipiki zao. Bi Mwanamize akamfunga mgongoni, akaenda kwa miguu.

Nje ya kituo gari jeupe la wilaya lilikuwa linanguruma, limeleta maboksi ya vipeperushi. Ndani, Sheha Othman, kiongozi wa serikali pale kijijini, aliketi kando ya Rahila na rundo la fomu.

Rahila alimfunua mtoto kifua, akahesabu pumzi, akaacha kuhesabu.

"Nimonia," alisema. "Aende hospitali sasa hivi. Gari lipo."

"Kwanza fomu," alisema Sheha. "Huyu wa tano. Wilaya wanataka kujua kwa nini surua imeingia kwenye shehia yangu. Hapa pana visanduku viwili. Kachanjwa, au mlezi alikataa. Kachanjwa huyu?"

"Hakuchanjwa."

"Basi." Akatia tiki.

Bi Mwanamize aliinama, akaisoma ile mistari kwa kuifuata na kidole, polepole, kama walivyosomeshwa kwenye darasa la watu wazima.

"Mie sikukataa, Sheha. Nshakuja hapa mara tatu. Kwa mguu huno. Nesi huyo hapo, muulize."

Sheha alimgeukia nesi. Rahila aliichukua kadi ya Asya, akaipanga sawasawa na ukingo wa meza.

"Kwenye rejista hakuna mtoto aliyerudishwa," alisema.

"Basi andika. Andika kuwa nimerudishwa."

"Niandike wapi?" Sheha aligonga karatasi kwa kalamu. "Hakuna kisanduku chake. Sikiliza, Bi Mwanamize. Gari lile la wilaya, si la baba yangu. Tia dole, mtoto apakiwe. Kama hutaki, bakia na haki yako hapo hapo. Mtoto unamwona mwenyewe."

Alimwona. Midomo ilikuwa imeanza kubadilika rangi. Bi Mwanamize alimchukia Sheha, akamchukia Rahila, akamchukia hata Suhaila kwa kuwa mbali, kisha akaunyoosha mkono.

Rahila alimshika kidole gumba, akakichovya kwenye wino, akakigandamiza kwenye karatasi.

"Hiyo ya wilaya," alisema Sheha, akavuta nakala nyingine. "Na hii ya kwangu." Akaiinua kwenye mwanga. "Hii imevuja, haisomeki. Wataturudishia. Rudia."

Asya alivuta pumzi, akakaa kidogo bila kuvuta, akavuta nyingine.

"Sheha, mtoto," alisema Bi Mwanamize.

"Imebaki ya kituo tu. Kausha kidole kwanza."

Dereva alichungulia dirishani, akaona bado wanajaza fomu, akarudi kuzima gari, mafuta yasiungue bure.