Bega la Pil-sun

Deok-im na Pil-sun walikuwa wapishi wa shule moja ya msingi mjini Gunsan, na mabega yao yaliharibika mwaka uleule mmoja. Hakuna aliyeshangaa. Ukikoroga kila siku supu ya shule nzima kwa mwiko mrefu kama kasia, lazima bega lilalamike. La Deok-im lilikuwa la kulia, la Pil-sun la kushoto, na wenzao jikoni waliwatania kwamba wakiunganishwa angepatikana mwanamke mmoja mzima.

Kila Jumamosi walikwenda pamoja kwenye kliniki ya mifupa iliyokuwa juu ya duka la dawa. Huko kulikuwa na mashine ya mawimbi ya sauti. Kijana aliyeitwa Cha, mtaalamu wa viungo, aliwapaka begani mafuta mazito ya baridi, kisha akakandamiza kichwa cha mashine, nayo ikagonga ta-ta-ta-ta mpaka mfupani. Alisema mawimbi huvunja chokaa iliyoganda kwenye kano, damu ikapata njia, na kidonda cha ndani kikaanza kupona.

"Unavunja chokaa au unaivunja roho yangu?" Deok-im alipiga kelele siku ya kwanza.

"Mama, mbona nimepunguza?"

"Umepunguza nini? Hebu lala wewe hapa, nikugonge mimi!"

Upande wa pili wa pazia, Pil-sun alicheka. "Nyamaza, wewe. Umezaa watatu na hukupiga kelele hivi."

"Wale walikuwa wanatoka, dada. Hii inaingia!"

Alimwita dada ingawa hawakuwa ndugu. Pil-sun ndiye aliyemfundisha kazi, na mume wa Deok-im alipofariki, ndiye aliyempelekea supu ya mwani mpaka alipokubali kula.

Majira ya baridi yalipoanza kulegea, Deok-im aliweza tena kufunga nywele zake mwenyewe. Pil-sun hakuona nafuu. Usiku ndio bega lilimsumbua zaidi, na kidole kidogo cha mkono huo kilikufa ganzi. Koti lake lilianza kumpwaya.

"Vumilia, dada," Deok-im alimwambia. "Hata mimi mwanzoni nilidhani natupa wakati. Mwambie aongeze nguvu."

Jumamosi iliyofuata Pil-sun akamwambia Cha aongeze. Kijana aliutazama mkono ule uliokonda, akauinua taratibu, akauzungusha, akauliza kama maumivu yanabadilika.

"Hayabadiliki. Yapo tu."

Cha akazima mashine. "Mama, leo sikugongi. Ngoja nimwite daktari."

Daktari alimtuma hospitali kubwa, akapigwe picha ya kifua. Uvimbe wa saratani ulikuwa juu kabisa ya pafu, umeikalia mishipa ya fahamu inayoshuka mkononi. Daktari wa huko alimwuliza kama anavuta sigara.

"Sijavuta hata siku moja."

"Unafanya kazi gani?"

"Napika. Shuleni."

Yule daktari aliitazama tena picha. Alisema hawezi kuapa kwamba chanzo ni moshi wa mafuta ya kukaangia, ila si mpishi wa kwanza aliyemwona. Deok-im, aliyekaa pembeni na mkoba wa mwenzake mapajani, aliikumbuka feni ya kuvuta moshi iliyo juu ya makarai ya kukaangia nyama, kule jikoni kwao. Ilikuwa mbovu tangu zamani. Walilalamika mpaka wakachoka, kila mara wakaambiwa wasubiri likizo.

Kwenye benchi la nje alishindwa kujizuia. "Mimi ndiye niliyekuburuta kwenye ile mashine. Wiki zote zile, nakwambia vumilia, vumilia..."

"Ungejuaje? Mimi mwenye bega sikujua." Pil-sun alimpa kitambaa. "Na zile Jumamosi zilikuwa raha yangu. Nyumbani nani ananichekesha? Hebu nyanyua mkono wako nione."

"Acha, dada."

"Nyanyua."

Deok-im akaunyanyua, ukapanda mpaka sikioni bila shida. Pil-sun aliutazama kwa muda mrefu.

"Afadhali," alisema. "Afadhali mmoja wetu."

Pil-sun alifariki kiangazi, shule zikiwa zimefungwa. Kwenye ukumbi wa msiba waombolezaji walikuwa wengi, na mtoto wake wa kiume alisimama karibu na picha ya mama yake akiinamia kila aliyeingia. Cha naye alikuja, amevaa suti iliyombana. Aliinama mara mbili mpaka sakafuni mbele ya picha, kama ilivyo desturi ya msibani, na aliposimama hakujua aende wapi. Deok-im akamshika mkono, akamkalisha.

"Kula, mwanangu."

Alimletea wali na supu kali ya nyama ya ng'ombe. Kisha akarudi jikoni, akabeba trei nyingine, na nyingine. Mtoto wa Pil-sun alimfuata.

"Mama mdogo, pumzika. Wapo wa kuhudumia."

"Niache nibebe."

Trei zilikuwa nzito, bakuli zimejaa mpaka juu, na bega halikumuuma hata kidogo. Ndipo alipoiweka trei chini, akajishika lile bega zima, akalia kwa sauti.