Biashara ya Kilian

Usipa, dagaa wa ziwani, haungoji mtu. Ukishaanikwa asubuhi, jua likikolea lazima ugeuzwe, la sivyo wa juu unakuwa mgumu kama kucha na wa chini unavunda. Kwa hiyo mgambo Nicholaus aliposhuka ufukweni kumwita Asteria, alimkuta ameinama juu ya kichanja chake, magamba yamemjaa mikono mpaka kwenye viwiko, na hana dalili ya kuinuka.

"Dada Asteria, mtendaji anakuita ofisini."

"Mwambie namalizia kugeuza."

"Kasema sasa hivi."

"Yeye usipa anaula mkavu au uliooza?"

Nicholaus alimtazama shingo, kisha chini ya shingo, kisha akageukia ziwa haraka kana kwamba ziwa limemwita kwa jina. Asteria aliyajua macho hayo. Tangu msimu wa kahawa uishe, nusu ya wanaume wa kijiji walikuwa wanamtazama hivyo, kama mtu aliyeangalia sinema halafu akakutana na steringi wake sokoni ananunua chumvi.

"Na wewe umeiona," alisema.

"Ipi?"

"Nicholaus, tumesoma darasa moja. Ulikuwa hujui kudanganya, na mpaka leo hujajifunza."

Alijifuta mikono kwenye kanga. Ufukweni hapo, ukiitwa ghafla, jirani anakugeuzia usipa bila kuombwa, ndivyo walivyolelewa. Asteria alimtazama Lidia wa kichanja cha pili. Lidia aliinama zaidi, kama mtu aliyedondosha sindano mchangani. Basi. Asteria akapanda kilima nyuma ya mgambo.

Kisa chenyewe kilikuwa kifupi. Pankras alikuwa mnunuzi wa kahawa kutoka Ruanda, kule juu Mbinga, mwenye pikipiki nyekundu na maneno matamu. Kila aliposhuka ziwani alikula kwa mama yake Asteria, akamwamkia mpaka kwa kupiga goti, na alikuwa ameahidi kuleta posa kahawa ikishauzwa. Siku moja chumbani akatoa simu, akarekodi. Ya kumbukumbu tu, alisema. Kahawa iliuzwa. Posa haikuja. Iliyokuja ni ile kumbukumbu. Pankras alimrushia rafiki, rafiki akamrushia shemeji, ikateremka milima yote ile yenye kona bila kupata pancha, ikafika kijijini hata basi halijafika. Kilian, kijana mwenye kibanda cha kuchaji simu na kuingiza nyimbo kwenye memori kadi, akaipokea kama mkulima anavyopokea mvua. Kwa Kilian uliweza kuwekewa kwaya ya Pasaka, singeli na Asteria kwenye kadi moja, ukalipa, ukawahi misa ya pili.

Asteria hakupata hata vocha.

Ofisini, benchi la washtakiwa lilikuwa na mtu tayari: Siwema, aliyepanga chumba nyuma ya baa, ambaye kazi yake kila mtu aliijua na hakuna aliyeitaja mchana. Walikuwa wamemkamata alfajiri. Mwanaume aliyekuwa naye alitoka kwa mlango wa mbele, akaagwa na kutakiwa kazi njema.

"Karibu, mdogo wangu," Siwema akasogea. "Kaa upande huu, huko kuna msumari."

"Shikamooni," Asteria aliiamkia meza.

"Marahaba," aliitikia Mama Eunice peke yake, kiongozi wa akina mama kanisani. Katikati alikaa mtendaji Mansuetus, shati lina mistari ya pasi inayoweza kukata nyanya. Pembeni alikuwa Mwalimu Wilfred, mstaafu, aliyewekwa kwenye kamati kwa sababu aliwahi kusoma sheria ndogo za kijiji mpaka mwisho.

"Kikao kimefunguliwa," Mansuetus alisema kwa sauti ya mkutano wa hadhara. "Ajenda ni maadili."

"Ajenda imekaa kwenye benchi tangu alfajiri," alisema Siwema. "Ipeni hata maji."

"Siwema, wewe shauri lako linajulikana. Utafanya usafi zahanati, kama kawaida."

"Kama kawaida. Zahanati nzima inang'aa kwa dhambi zangu."

Mwalimu Wilfred alikohoa ili asicheke. Mansuetus akamgeukia Asteria. "Wewe ndiye mpya. Tuhuma ni ukahaba. Kamati hii ndiyo inayogawa nafasi za vichanja ufukweni, na wananchi wamelalamika kwamba hawawezi kuanika pamoja na mtu wa aina hiyo. Tukikuona una hatia, nafasi yako anapewa mwingine."

Kichanja kile kilikuwa cha mama yake Asteria kabla miguu ya mama haijakataa kazi. Binti hakuwa na shamba la maana. Bila kichanja, wavuvi hawakuuzii, kwa sababu usipa mbichi bila pa kuuanika ni uvundo tu.

"Ukahaba na nani, mtendaji?" aliuliza.

"Usijibu tuhuma kwa swali."

"Nauliza kwa sababu ukahaba una mnunuzi. Alikuwa nani? Alinilipa nini?"

Mansuetus alimtazama mwalimu, kama dereva anavyomtazama utingo gari likizima mlimani.

"Kisheria," Mwalimu Wilfred alianza, akivua miwani, "haya ni mambo mawili. Ukahaba ni mtu kuuza mwili. Hii nyingine ni picha za ngono, yaani mtu anauza, tuseme, sura ya mwili. Sheria zake mbali mbali. Ila kimaadili..."

"Kimaadili ni uchafu ule ule," alimaliza Mama Eunice.

"Sawa," alisema Asteria. "Mwili sijauza. Sura kauza Kilian. Yuko wapi Kilian?"

"Kilian si ajenda," alisema mtendaji. "Kamati kwanza ijiridhishe na ushahidi."

Akatoa simu mfukoni. Hakutafuta sana. Kidole chake kilikwenda pale pale, kama mguu unaojua njia ya nyumbani.

Ndipo Asteria alipojisikia mwenyewe akicheka ndani ya simu ya mtendaji wa kijiji. Kicheko chake hasa, kile cha kujisahau, kilichokuwa cha chumba kimoja na mtu mmoja. Alishika ukingo wa benchi. Siwema akamshika mkono.

"Jamani, punguza hiyo sauti," alisema Mama Eunice, akivuta kilemba. "Watoto wa shule wanapita. Tuwe na staha."

Mansuetus akaizima sauti kabisa. Picha ikaendelea. Walisogeza vichwa vitatu kwenye kioo kimoja, wenye staha, na mwalimu akalalamika kwamba kioo kimepasuka, haoni sawasawa.

"Nirushie na mimi," alisema. "Ya kwangu ni kubwa."

"Naituma. Imefika?"

"Bado... Ehe, imefika."

Mama Eunice naye akasema kwamba, kama mjumbe, asije akaambiwa baadaye kwamba alipitisha jambo ambalo hana nakala yake. Simu yake ilikuwa ya mwanawe, lakini ilipokea vizuri. Basi kikao kilichoitishwa kwa ajili ya uchafu kijijini kikawa kimeuzidisha mara tatu, papo hapo, mchana kweupe, na muhuri wa serikali umekaa mezani unatazama.

"Rudisheni sauti," alisema Asteria.

"Haina adabu," alisema mtendaji bila kuinua macho.

"Rudisheni! Baada ya kucheka nasema, 'Pankras, zima hiyo simu.' Nasema mara ya pili, 'Zima, sitaki.' Mnaona mdomo wangu unatembea? Hicho ndicho ninachosema. Nyie mmezima maneno, mmebakiza mwili!"

Mwalimu Wilfred alipeleka kidole kwenye kitufe cha sauti, akamtazama mtendaji, akakirudisha kidole mfukoni pamoja na mkono wote.

"Lakini mwanzo ulikuwa unacheka," alisema Mama Eunice, safari hii polepole.

"Nilikuwa nacheka na mchumba wangu, mama. Sikuwa nacheka na kijiji."

Siwema akainuka. Hakuombwa kusema, lakini hata ule usafi wa zahanati hakuwahi kuuomba.

"Mnatafuta kahaba, mimi hapa. Mnanijua, wengine mnanijua vizuri, na sitaji mtu maana nina adabu ya kazi. Mimi mlevi akija namfukuza. Nikiumwa nafunga mlango. Anayeingia namwona uso, na akitoka ametoka, hanibebi mfukoni. Huyu mtoto hajaingiwa mlangoni na mtu, lakini wanamfungua kila saa: shambani, mtumbwini, chooni. Hajui ni nani, na hana pa kusema leo naumwa. Mwalimu, wewe msomi. Nani katumika zaidi hapa?"

"Hoja yako ina mantiki," alikiri mwalimu, akitazama meza.

"Haya, nipe sheria yake."

"Sheria ya kusambaza picha hizo mtandaoni ipo. Kali kweli. Lakini hiyo ni ya polisi, ya huko wilayani. Sisi hapa tuna sheria ndogo tu."

Asteria alicheka, na hakikuwa kile kicheko cha kwenye simu. "Kwa hiyo sheria inayonishika mimi inafika mpaka hapa ziwani, na inayomshika Kilian inachoka njiani? Imepata pancha wapi, mwalimu? Maana picha yenyewe haikupata."

"Chunga ulimi," alisema Mansuetus.

"Niseme mnavyotofautisha nyie? Kwa Siwema, mwanaume anampa hela mwanamke: hilo ni kosa. Kwa Kilian, mwanaume anampa hela mwanaume mwenzake: hiyo ni riziki. Tofauti nyingine siioni."

Mansuetus aligonga meza, muhuri ukaruka. Uamuzi ulitoka mfupi. Asteria aondoke ufukweni mpaka hapo maadili yatakapotengemaa. Nafasi ya kichanja ipangiwe mtu mwingine. Kilian ataonywa kwa mdomo, kwa kuwa ni kijana anayejitafutia na kijiji kinahitaji vijana wanaojiajiri.

"Mnaounga mkono?"

Mkono wa mtendaji ulipanda wa kwanza. Wa mwalimu ulifuata, umekunjika kwenye kiwiko kama unaomba radhi. Mama Eunice aliishika simu ya mwanawe kwa mikono miwili, akaigeuza kifudifudi mezani. Hakunyoosha. Lakini hakusema kitu pia, na wawili kati ya watatu wanatosha kumnyima mtu chakula.

Nje, jua lilikuwa utosini. Kutoka pale kilimani Asteria aliona vichanja vyote vimepangana mpaka kwenye miamba, na chake kimetulia, usipa haujaguswa. Muda ulikuwa umepita. Kundi la kunguru lilikuwa limeshafanya kikao chake pale, nalo halikuhitaji mjumbe.

"Twende kwangu ule ugali," alisema Siwema. "Kesho tutaona."

"Tangulia, dada. Mimi nina kazi."

"Kazi gani tena? Si wamekufukuza?"

"Wamenifukuza ufukweni. Naenda ninakouzwa."

Kibanda cha Kilian kilikuwa njia panda, kina spika moja mlangoni na benchi la wateja mbele. Kijana alipomwona, alipunguza muziki mwenyewe.

"Mambo, sista. Aisee, mimi sikuwa na nia mbaya, watu ndio wanaiulizia..."

"Sijaja kugombana, Kilian. Endelea na kazi."

Akaketi kwenye benchi, katikati, na harufu yake ya usipa. Akakunja mikono.

Wa kwanza kufika alikuwa Mzee Romanus, mpokea sadaka wa Jumapili, mkononi ana memori kadi.

"Shikamoo, baba," Asteria alisema kwa sauti ya kusikika mpaka kisimani. "Umekuja kuchukua kwaya, au umekuja kunichukua mimi? Kama ni mimi, niko hapa hapa. Niangalie bure."

Mzee Romanus alisema alikuwa anatafuta betri ya tochi. Akaondoka haraka kuliko magoti yake yalivyozoea.

Wakaja vijana watatu wa mtumbwini, wanasukumana. "Karibuni, kaka zangu. Cleopa, mama hajambo? Ukiinunua mwonyeshe na yeye, ananijua tangu nabebwa mgongoni." Cleopa aliangalia ndala zake. Wenzake hawakucheka. Wakageuza.

"Sista, please," Kilian alinong'ona. "Unanimaliza. Leo sijauza hata moja."

"Ifute."

"Nikifuta wengine si wanayo?"

"Ndiyo maana nimekaa. Kesho nitakaa tena. Kazi nyingine sina, si umesikia?"

Watu walianza kusimama ng'ambo ya njia, wanajifanya wanasubiri bodaboda. Lidia wa kichanja cha pili alipita na beseni kichwani, akasimama, akaendelea. Aliyefuata alikuja amenyooka, mistari ya pasi mbele, mgambo Nicholaus nyuma yake. Kilian alikuwa amempigia.

"Asteria," alisema Mansuetus, "ondoka hapo."

"Kwa kosa gani, mtendaji?"

Mansuetus aligeuka kumtafuta mwalimu, halafu akakumbuka kwamba mwalimu hayupo. Akawatazama watu ng'ambo ya njia. Mkono wake ulikuwa umefunika mfuko wa shati, pale simu inapokaa.

"Unaharibu biashara ya watu," alisema.

Asteria akasogea kidogo kwenye benchi, akapapasa mbao pembeni yake.

"Karibu ukae, mtendaji. Tuwasubiri wateja."